Mapambo ya nota kwenye MuseScore: trili haisikiki, mordenti inagusa fa isiyo yake. Nisaidieni kabla ya mazoezi ya Jumamosi

MwimbishajiKatuba · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Naongoza kwaya ya parokia yenye waimbaji 34. Wanaosoma nota ni watano tu. Wengine wote wanajifunza kwa sikio: naandika partisyon (karatasi ya nota) kwenye MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandika nota, natoa faili ya mp3 kwa kila sauti, naituma kwenye grupu la WhatsApp, nao wanasikiliza kwenye simu wakipika, wakiwa kwenye basi, wakingoja wateja sokoni. Kwa hiyo kile kompyuta inachopiga ndicho kitakachoimbwa Jumapili.

Nimetunga wimbo wa matoleo kwa mtindo wa zamani kidogo, na utangulizi wa filimbi na kinanda. Uko katika do kubwa, sehemu ya katikati inahamia sol. Nimeweka mapambo manne, na yote manne yananisumbua:

Trili ya filimbi (nota na jirani yake zikipishana haraka) kwenye kipimo cha 3 haisikiki kabisa. Nota inapigwa ndefu, tupu, kana kwamba alama haipo.

Mordenti ya alto katika sehemu ya katikati iko juu ya mi. Nataka mi, fa diezi (fa iliyopandishwa nusu toni), mi. Kompyuta inapiga mi, fa ya kawaida, mi. Na tenori wanapita fa diezi wakati uleule, hivyo inachoma masikio.

Gruppeto ya solo ya soprano, lile pambo linalozunguka nota juu na chini, inapigwa mapema mno. Naitaka mwishoni mwa nota, inapigwa mwanzoni.

Trili ya mwisho inaanzia kwenye nota yenyewe. Mpiga kinanda wetu, mzee ninayemheshimu, anasema trili ya namna hiyo huanzia nota ya juu.

Nimefunga programu na kuifungua. Nimeiondoa na kuiweka upya, mega zangu za wiki nzima zikaishia hapo. Nimepunguza kasi, nimeongeza kasi. Hakuna kilichobadilika. Na lililo zito zaidi ni kwamba faili ya alto niliituma kabla ya kuisikiliza vizuri. Wana wiki mbili wanaimba ile fa.

FilimbiGoma · Jumatatu, saa 3:42 usiku

Maestro, tuanze na ile ya filimbi, ndiyo nyepesi. Bonyeza alama ya tr mara moja, kisha tazama chini kabisa kushoto kwenye dirisha la programu. Pale huandikwa jina la kitu ulichokichagua. Niambie limeandikwa nini. Usifute kitu bado.

Na uliichukua wapi hiyo alama?

MwimbishajiKatuba · Jumatatu, saa 3:55 usiku

Imeandikwa "Symbole". Ile ya mwisho wa wimbo, ambayo angalau inasikika, imeandikwa jina la trili lenyewe. Hii ya filimbi niliichukua kwenye palette kubwa (orodha ya alama), ile inayofunguka kwa Shift+F9, kwa sababu umbo lake lilinipendeza.

FilimbiGoma · Jumatatu, saa 4:04 usiku

Basi tumeipata. Kila kilicho kwenye orodha ya "Symboles" katika palette kubwa ni picha. Kinachapishwa kwenye karatasi, lakini programu haikisomi kama amri ya kupiga. Trili inayosikika iko kwenye palette ya "Ornements". Kwa macho ni ndugu mapacha, ndiyo maana tatizo hili humla mtu usiku mzima.

Futa hiyo, chagua nota, weka trili kutoka "Ornements".

Kisha pitia partisyon yote ukibonyeza kila pambo moja moja na kusoma lile jina la chini. Mimi niliwahi kupokea partisyon ya fanfare ambamo mtu alikuwa ameandika herufi t na r kama maandishi ya kawaida juu ya nota. Maandishi hayo hayapigi chochote, na kwenye karatasi huwezi kuyatofautisha.

MwimbishajiKatuba · Jumatatu, saa 4:31 usiku

Inasikika! Aksanti sana mdogo wangu. Na ulilosema limenikuta: kijana aliyenisaidia kunakili ukurasa wa pili aliandika tr mbili kwa maandishi. Nilikuwa sijui kama zipo. Nimezibadilisha zote.

Zimebaki tatu.

KinandaIbanda · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Habari za asubuhi kutoka Bukavu. Napiga kinanda kanisani miaka mingi na MuseScore naitumia tangu toleo la 2. Nitaeleza ile mordenti kwa urefu kidogo, kwa sababu watu wengi huitengeneza bila kuelewa, na wimbo unaofuata unawarudisha palepale.

Alama ya pambo haisemi nota ya jirani ni ipi. Inasema tu "gusa jirani". Programu inalazimika kuchagua jirani huyo, na kwanza kabisa hutazama alama za tonaliti (nota ambayo wimbo umejengwa juu yake) zilizo mwanzoni mwa mstari. Wimbo wako umeandikwa katika do: hakuna diezi, hakuna bemoli. Jirani wa juu wa mi katika do ni fa ya kawaida, umbali wa nusu toni. Kwamba wewe umehamia sol tangu vipimo vinane vilivyopita, hilo unalijua wewe na masikio yako. Fa diezi ya tenori iko kwenye mistari ya tenori, haiwasaidii alto kitu. Kwa hiyo kompyuta haikukosea, imefuata ilichoandikiwa.

Sasa dawa. Angalia kwanza toleo lako. Kuanzia 4.2, iliyotoka Desemba 2023, mapambo yalitengenezwa upya na unaweza kuchagua umbali kati ya nota na jirani yake. Bonyeza mordenti, fungua "Propriétés" kwa F8, tafuta sehemu ya pambo, na kwenye umbali wa juu chagua sekunde kubwa, yaani toni nzima. Utaona diezi ndogo inajitokeza yenyewe karibu na alama, na mwimbaji anayesoma nota ataiona pia. Kama uko na 4.0 au 4.1, huna mlango huo, na ningekushauri upande toleo kabla ya kuhangaika.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kama sehemu ya katikati imehamia sol kwa muda mrefu, kwa nini usibadilishe alama za tonaliti pale inapoanza? Weka diezi moja, ile ya fa, mwanzoni mwa sehemu hiyo. Mapambo yote yatakayofuata yatajirekebisha, na waimbaji wako watano wanaosoma watapumzika na diezi za njiani.

Jambo la mwisho. Una hakika unataka mordenti ya kwenda juu? Jina hili limevuruga watu karne nyingi. Alama ya mawimbi bila mstari hupanda kwa jirani wa juu. Alama ileile ikikatwa na mstari mdogo wa wima hushuka kwa jirani wa chini, na Wafaransa wa zamani waliiita "pincé". Katika MusicXML, aina ya faili ya kuhamisha nota kati ya programu, ile yenye mstari huitwa mordenti, na ile isiyo na mstari huitwa mordenti iliyogeuzwa. Vitabu vingine vya masomo vinasema kinyume. Usilifuate jina, tazama mstari upo au haupo.

MwimbishajiKatuba · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Yaya, dada yangu, umenifungua macho. Nilikuwa na 4.1. Mdogo wangu anafanya kazi mjini ambako intaneti ni nzuri, nitampa fleshi aniletee toleo jipya jioni.

Kuhusu kubadilisha tonaliti, nakiri sikufikiri. Nilikuwa naweka diezi kila fa, vipimo 22. Alama yangu haina mstari, ni ile ya kupanda.

AltoPanzi · Jumanne, saa 6:48 mchana

Mimi si mtaalamu wa programu. Naimba alto hapa Bukavu na sisomi nota. Naomba niseme upande wetu.

Sisi tunaojifunza kwa faili ya simu, ile ya kwanza kutufikia ndiyo inayokaa. Wimbo ninausikiliza mara arobaini kabla sijaja kwenye mazoezi. Ukiniambia siku ya mazoezi kwamba nota moja si sahihi, nakuelewa kwa akili, lakini koo tayari lina njia yake. Mwaka jana mwimbishaji wetu alituma faili yenye kosa, na hadi leo wimbo huo tukiuimba, nusu yetu tunaenda kushoto na nusu kulia.

Tafadhali, papa, usitume tu faili mpya na kusema "nimerekebisha". Waambie ni neno gani la wimbo, nota gani ilikuwa, na sasa ni ipi. Tuma kipande hicho peke yake, polepole, mara nyingi. Na waambie wafute ile ya zamani, la sivyo simu zitapiga zote mbili.

MwimbishajiKatuba · Jumanne, saa 7:15 mchana

Mama, aksanti kwa kunieleza. Nimeandika kila neno lako kwenye daftari.

NotaZaZamani · Jumanne, saa 1:30 usiku

Salaam kwa wote. Mimi pia ni wa Lubumbashi, komini ya Kenya. Nitagusa swali la nne.

Mzee wako wa kinanda ana haki, na kompyuta nayo ina haki, kila mmoja kwa zama zake. Johann Sebastian Bach, katika daftari la mazoezi alilomwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann mwaka 1720, aliweka jedwali la mapambo: juu alama, chini nota zinazopigwa. Trili yake inaanzia nota ya juu. Ukiona do yenye trili, unapiga re, do, re, do. Sababu yake ni ya muziki wenyewe: ile nota ya juu inagongana na nota za chini, sikio linakaza, kisha linafunguliwa. Ukianzia kwenye nota yenyewe, mgongano huo unapotea. Katika karne ya 19 desturi ilihamia taratibu kwenye kuanza na nota yenyewe, na hiyo ndiyo MuseScore inayoifuata usipoiambia kitu.

Bonyeza trili yako ya mwisho, F8, na utaona namna ya uchezaji ina chaguo mbili: ya kawaida na ya Baroki. Chagua ya Baroki, yaani ya zama za Bach. Katika matoleo mapya unaweza pia kuiagiza trili hiyo moja ianzie nota ya juu.

Lakini sikiliza, mwanangu. Hapo si suala la kutengeneza kitu kilichoharibika. Wewe ndiye mtunzi. Programu haiwezi kujua kama moyo wako ulikuwa mwaka 1720 au mwaka 1880. Kaa na mzee wako kwenye kinanda, pigeni zote mbili, amueni, ndipo uiambie mashine.

Niongeze hili kwa wanaohama programu. Nilikuwa mtu wa Finale, programu nyingine ya kuandika nota. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuiacha baada ya miaka 35, nami nikaanza kuhamisha nyimbo zangu kwa MusicXML, moja baada ya nyingine. Alama za mapambo zilivuka salama. Namna ya kuyapiga haikuvuka. MusicXML ina nafasi ya kuandika trili inaanzia nota ipi na inapanda kwa umbali gani, lakini si kila programu inajaza nafasi hiyo, wala si kila programu inaisoma. Kwa hiyo kila wimbo ninaouhamisha, napitia pambo kwa pambo na partisyon ya karatasi mkononi. Ni kazi ya subira, na nyimbo za marehemu rafiki zangu zimo humo, siwezi kuziacha zisikike vibaya.

BesiMwanza · Jumanne, saa 2:12 usiku

Nawasalimu kutoka Mwanza. Nauliza kwa nia njema kabisa: kwa nini kompyuta ifundishe mapambo? Kwaya yetu mwalimu anaimba kila sauti mwenyewe, anarekodi kwa simu, anatuma. Mapambo yanatoka kinywani kwenda sikioni. Hakuna F8 wala toleo jipya.

KinandaIbanda · Jumanne, saa 2:40 usiku

Besi, njia hiyo ni nzuri na mimi huitumia kwa nyimbo zetu za asili. Pale mwimbaji anapoteleza kutoka nota moja hadi nyingine, anapovuta neno na kulizungusha, hakuna alama ya "Ornements" itakayolibeba. Misa Luba iliyoimbwa Kamina mwaka 1958, hapo Katanga, ilikuwa na sehemu nyingi zilizozaliwa papo hapo kwenye vinywa vya waimbaji. Kilichoandikwa baadaye kwenye karatasi ni mifupa yake. Ukiichukua karatasi hiyo ukaipa kompyuta, utapata nota sahihi na utakosa wimbo.

Ila huyu ndugu ana wimbo wa aina nyingine. Mapambo yake yana nota zinazojulikana na muda unaohesabika, na yanakutana na kinanda na filimbi. Mwanamume akirekodi sauti ya soprano anaishusha oktava nzima, na waimbaji wapya hupotea. Kompyuta inamfaa, mradi iambiwe ukweli.

BesiMwanza · Jumanne, saa 2:51 usiku

Nimeelewa, dada. Hilo la oktava limetukuta sisi pia.

Basi na mimi nipate faida. Zile nota ndogo zinazotangulia nota kubwa: nyingine ina mstari uliokata mguu wake, nyingine haina. Kwenye kompyuta ya mwalimu wetu moja inapita haraka sana, nyingine inakaa mno hadi neno linachelewa. Ni kosa?

FilimbiGoma · Jumanne, saa 3:00 usiku

Si kosa, kaka. Iliyokatwa ni achakatura, inapita haraka kabisa. Isiyokatwa ni apojiatura, na inachukua nusu ya muda wa nota kubwa. Mwalimu akitaka ipite haraka aweke iliyokatwa.

MwimbishajiKatuba · Jumatano, saa 4:20 usiku

Wandugu, natoa taarifa. Umeme ulirudi saa 1 usiku na toleo jipya nimeliweka.

Mordenti: nimebadilisha tonaliti ya sehemu ya katikati kuwa sol, nikafuta diezi zote za njiani. Mordenti ikajirekebisha bila kuguswa. Nimeisikiliza na tenori na sikio langu limetulia.

Trili ya mwisho: leo mchana nilikaa na mzee wetu. Tulipiga zote mbili mara nyingi. Tumekubaliana ianzie juu. Alinionyesha mgongano aliousema Papa NotaZaZamani, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika akodi, na kwa kweli nilisisimka. Nilikuwa nimeandika trili pale kwa sababu nimezoea kuiona mahali kama hapo. Sasa najua inafanya kazi gani.

Lakini kuna jipya. Ile trili ya filimbi, tangu niweke toleo jipya pamoja na sauti za Muse Sounds alizoniletea mdogo wangu, imekuwa kama inakwama. Inaanza, inatulia kidogo, inaendelea. Na gruppeto bado iko mwanzoni. Iko kwenye sol ya mapigo mawili, kisha inakwenda la. Nimeiburuta kwa panya hadi katikati ya nota mbili, inavyotakiwa kuonekana, lakini bado inapigwa mapema.

FilimbiGoma · Jumatano, saa 4:38 usiku

Ya filimbi kwanza. Hapa tunataka kujua tatizo liko kwenye alama au kwenye sauti. Bonyeza F10 ifunguke meza ya sauti, kwenye filimbi badilisha Muse Sounds uweke MS Basic, ile nyepesi inayokuja na programu. Piga kipimo cha 3 tena.

Ikipiga vizuri, alama yako ni salama na tatizo liko kwenye maktaba ya sauti. Ikikwama vilevile, tutafute kwenye nota.

Huo ndio mtihani ninaoufanya kabla ya kitu chochote, kwa sababu ni wa nusu dakika na haugusi partisyon.

MwimbishajiKatuba · Jumatano, saa 4:46 usiku

MS Basic inapiga vizuri kabisa. Haina uzuri wa ile nyingine, lakini trili ni safi.

FilimbiGoma · Jumatano, saa 5:02 usiku

Basi kwa faili ya mazoezi iache MS Basic. Kwaya inahitaji nota iliyo wazi kuliko filimbi tamu.

Sasa gruppeto. Ukiburuta alama kwa panya, unahamisha wino tu. Programu inajua pambo hilo limeshikamana na nota gani, na inalipiga kwenye nota hiyo kwa kanuni yake. Njia ninayoitegemea ni kuandika kwa siri kile unachotaka kisikike, na kuacha kile kinachoonekana kikae kimya. Nifuate polepole.

Ulisema ni sol ya mapigo mawili kisha inakwenda la. Unataka sol itulie pigo moja, halafu la, sol, fa diezi, sol ndani ya pigo la pili, ndipo la. Sivyo?

Bonyeza ile sol ndefu, F8, ondoa tiki ya kupigwa. Fanya vivyo hivyo kwa alama ya gruppeto. Sasa vyote viwili vinaonekana na havisikiki.

Kisha ingia safu ya sauti ya 2 kwa Ctrl+Alt+2, kwenye mistari ileile, palepale sol inapoanza. Andika sol ya pigo moja, halafu nota nne za robo pigo: la, sol, fa diezi, sol. Jumla mapigo mawili. Ukikosea hesabu hapo, kipimo chote kitakuonyesha.

Chagua nota zote tano ulizoandika na ubonyeze V. Zitakuwa za kijivu kwenye kioo, na kwenye PDF hazitaonekana. Lakini zitapigwa. Kama kuna vituo vya kimya vilivyojitokeza kwenye safu ya 2, vifiche navyo kwa V. Mguu wa sol kubwa ukigeukia upande usioutaka, ichague ubonyeze X.

Maneno ya wimbo yaache kwenye nota kubwa ya safu ya 1. Usiyahamishe, utapata silabi mbili.

NotaZaZamani · Jumatano, saa 5:20 usiku

Kijana ameeleza vizuri. Mimi naongeza tahadhari moja ya mtu aliyeumia. Andika mahali, hata kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwamba kipimo hicho kina nota zilizofichwa. Siku utakaposhusha wimbo mzima toni moja kwa ajili ya soprano aliyechoka, ukachagua kipimo kimoja kimoja kwa mkono, utazisahau. Ule wa kuonekana utashuka, ule wa kusikika utabaki juu. Mimi ilinichukua siku mbili kujua sauti ile inatoka wapi.

BesiMwanza · Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Nimejaribu haya ya V na safu ya 2 kwenye kompyuta ya mwalimu wetu asubuhi hii kabla ya kazi. Yamekubali. Yeye alikuwa anatoa partisyon mbili, moja ya kuchapisha na moja ya kusikiliza, miaka yote hii. Anawashukuru sana.

Ila pambo lake moja bado liko kimya, na jina la chini linasema ni trili halisi.

KinandaIbanda · Alhamisi, saa 1:34 asubuhi

Nota yake ina muda gani, na kasi ni ipi? Pambo linahitaji nafasi. Nota ikiwa fupi mno, hakuna mahali pa kuingiza nota nyingine ndani yake, inapigwa tupu. Mwambie airefushe kwa majaribio tu. Pambo likisikika, sababu ndiyo hiyo. Airudishe ilivyokuwa, kisha achague kati ya mordenti na achakatura, zinahitaji nafasi ndogo zaidi. Na kama hata mwanadamu hawezi kuimba trili ndani ya nota hiyo, labda haikupaswa kuwa pale.

BesiMwanza · Alhamisi, saa 6:30 mchana

Ndiyo hiyo. Ilikuwa robo ya pigo, wimbo wa mwendo wa haraka. Ameweka achakatura.

MwimbishajiKatuba · Alhamisi, saa 3:50 usiku

Gruppeto imekaa mahali pake. Nimemwita mke wangu aisikilize, yeye ndiye soprano wa solo. Alisema: "Sasa nimeelewa ulichokuwa unaniomba." Wiki tatu nimekuwa nikimweleza kwa mikono.

Karatasi ya Papa NotaZaZamani nimeibandika: "Kipimo cha 41, safu ya 2, nota 5 zilizofichwa."

Nimetoa mp3 upya zote, na kila jina la faili lina tarehe. Kwa alto nimefuata maneno ya Mama AltoPanzi: kipande cha vipimo vinne, sauti yao peke yake, kasi ya nusu, kimerudiwa mara sita. Cha pili ni kilekile pamoja na tenori. Kisha nikarekodi sauti yangu nikiwaeleza ni neno lipi, nota ya zamani ilikuwa ipi na mpya ni ipi. Nimewaomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa langu na wao walikuwa wamejifunza kwa bidii. Ile faili ya zamani nimeifuta kwenye grupu.

AltoPanzi · Alhamisi, saa 4:15 usiku

Mungu akubariki. Hiyo ya kuwaomba radhi watu wako, watajifunza mara mbili kwa moyo mwepesi.

Siku ya mazoezi, usiwaache waanze wimbo kutoka mwanzo. Mdomo utakimbilia njia ya zamani. Anza pale penye kosa.

MwimbishajiKatuba · Jumamosi, saa 2:25 usiku

Tumetoka mazoezini. Nilianza pale penye kosa, alto peke yao, bila kinanda. Nota mbili tu, mi na fa diezi, kwenda na kurudi, kama watoto wanaojifunza kuhesabu. Kisha nikawaingiza tenori. Mara ya kwanza waliposikia fa zao zinakutana, alto wawili walicheka kwa furaha wakashindwa kuendelea.

Kati ya alto tisa, saba wameishika. Wawili bado koo linarudi kwenye ile ya zamani wakifika kwenye neno "pokea", hasa wimbo unapokwenda kwa kasi yake. Sijawalazimisha. Nimewasimamisha kati ya wale walio imara, na kesho asubuhi wataimba mi moja ndefu bila pambo, wakati wenzao wanaipamba. Haisikiki vibaya.

Trili ya mwisho ilipofika, mzee wetu wa kinanda alifumba macho.

Jumamosi ijayo nitaanza tena na hizo nota mbili.

KinandaIbanda · Jumamosi, saa 2:41 usiku

Wakiwa tayari wote tisa, turekodie, tusikie na huku Bukavu.

MwimbishajiKatuba · Jumamosi, saa 2:44 usiku

Nitatuma, Yaya. Vipimo vile vinne kwanza.